Kirusi "kipya" cha mafua kimefika mtaani: upya wake ni wa aina gani?

Ilianza na sauti ya WhatsApp. Jumanne usiku, dakika mbili na ushee, mwanamke ambaye hakuna anayemjua anaongea haraka haraka huku pumzi zinamkata, anasema ndugu zangu wa Tanga kirusi kipya cha mafua kimeshaingia, kimekuja na wageni, vijana wanaanguka ndani ya siku mbili, fungeni milango. Kufika asubuhi ilikuwa imeshazunguka grupu la mtaa, grupu la kikoba, grupu la wazazi wa madrasa, na mamdogo wangu anayekaa Makorora ameshanipigia simu mara mbili kuuliza kama watoto nimewapeleka shule.

Na watu kuumwa walikuwa wanaumwa kweli, hilo sifichi. Hapa Ngamiani nyumba ya tatu kutoka kwetu walilala wanne kwa mpigo, baba, mama na watoto wawili, homa kali, mwili wote unauma kama wametoka kupakua magunia, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Sasa mtu akishaisikiliza ile sauti usiku, alafu asubuhi akasikia kikohozi cha jirani ukutani, kichwani anamaliza hesabu mwenyewe. Hadi Alhamisi mtaa ulikuwa umeshagawanyika. Kuna waliofunga milango, kuna waliosema aah hayo mafua tu mbona tumezaliwa nayo, na kuna waliokuwa wanatafuta nani kayaleta.

Nimeamua niandike hiki kitu kwa kirefu kwa sababu makundi yote matatu yalikuwa yamesimama juu ya neno moja, "kipya", na kila mtu alikuwa na maana yake. Na kuna bibi mmoja nusura tumpoteze katikati ya huo mkanganyiko, ntamfikia.

Tuanze na lugha yetu maana hapo ndo fundo la kwanza lilipo. Kiswahili tunasema "mafua" kwa kila kitu kinachotoka puani. Mtoto akichuruzika kamasi asubuhi ana mafua, mtu mzima akilala siku tano hawezi hata kuinua kichwa, nae ana mafua. Kumbe ni magonjwa mawili tofauti. Yale madogo ya kamasi na kupiga chafya yanaletwa na virusi vya kila aina, zaidi ya 200, na mara nyingi unayatembeza hivyo hivyo kazini hadi yanaisha. Mafua makali, ambayo kwenye mabango ya afya wanaandika "homa ya mafua" au "influenza", yana virusi vyake maalum na tabia yake, yanakupiga ghafla, yaani saa sita ulikuwa mzima saa kumi unatetemeka, kichwa kinagonga, misuli inauma, hamu ya kula hamna. Kwa hiyo anaposema mzee wa barazani "mie mafua nshaugua mara mia" anasema kweli kabisa, ila inawezekana hayo anayoyasema sio haya.

Alafu kuna neno "homa" nalo. Kwetu pwani kwa miaka mingi homa maana yake ilikuwa malaria, basi. Ilibidi ije dengue ya 2019, ile iliyopiga Dar es Salaam na hapa kwetu Tanga, ndo watu wengi wakakubali kwamba unaweza kuchemka mwili mzima na kipimo cha malaria kikasoma hamna. Nakumbuka watu walikuwa wanarudi kutoka kupima wamekasirika, wanaona kama wamedanganywa, kwani mtu anaumwa hivi na haina malaria inakuwaje? Hilo somo limetusaidia lakini limetuachia na hofu ya pembeni, kwamba kila homa isiyo malaria basi ni gonjwa geni.

Sasa kirusi chenyewe. Virusi vya influenza vinavyotusumbua watu ni vya aina A na B. Hivyo vya A ndo vinavyopewa yale majina ya herufi na namba, H1N1, H3N2, H5N1, na watu wakiona hizo herufi wanaogopa kama ni namba za siri za maabara. H na N ni protini mbili zilizochomoza juu ya ngozi ya kirusi. H ndo ufunguo wake, kwa huo anafungulia mlango wa seli zako za koo na mapafu anaingia. N ni mkasi, kwa huo vile virusi vichanga vilivyozaliwa ndani ya seli vinajikata na kutoka kwenda kushambulia nyingine. Dawa ya oseltamivir kazi yake ni kuuzuia huo mkasi, ndo maana inafaa zaidi ukiiwahi ndani ya saa 48 za mwanzo, kabla havijasambaa. Na kinga ya mwili wako ikishapigana na mafua mara moja inakariri sura, hasa sura ya huo ufunguo.

Hapa naomba nitumie kanga maana ndo mfano niliompa mamdogo akanielewa.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Tuseme kuna kanga unaijua, umeivaa tangu ujana. Kiwanda kinaichapa tena mwaka huu, fundi kakosea kidogo, ua moja petali zimepungua, doa la pembeni limehama. Ukiiona kwa mbali bado unaitambua. Mwaka unaofuata kosa jingine, na jingine, na baada ya miaka minne mitano ukiletewa unasema hii siijui. Ndivyo mafua ya msimu yanavyofanya kila mwaka, kirusi kinajinakili mabilioni ya mara na hakina umakini wa kukagua makosa, kwa hiyo kinateleza polepole, sura inabadilika, kinga yako inamtambua nusu nusu. Huo ndo upya wa kwanza, upya mdogo, na unatokea muda wote. Ndo sababu Shirika la Afya Duniani linakaa mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini na Septemba kwa ajili ya kusini, kuchagua upya virusi vya kutengenezea chanjo.

Upya wa pili ni mwingine kabisa. Maelekezo ya kirusi cha influenza yameandikwa kwenye vipande 8 vilivyotengana. Ikitokea nguruwe mmoja kaingiwa na virusi viwili vya mafua kwa wakati mmoja, kimoja cha ndege labda na kingine cha binadamu, vile vipande vinaweza kuchanganyikana ndani ya seli moja, kikatoka kirusi chenye mji wa kanga hii na pindo la kanga ile. Hiyo kanga hakuna mtu duniani aliyewahi kuivaa. Kinga ya mwili inamuangalia hivi, haimjui kabisa. Hapo ndo magonjwa yanazunguka dunia, 1957 ilikuwa H2N2, 1968 H3N2, 2009 H1N1 iliyokuwa na vipande vyenye asili ya nguruwe, ndege na binadamu.

Na kuna upya wa tatu ambao hausemwi, na mimi naamini ndo uliotufika sisi mtaani: kipya kwetu sisi tu. Kirusi kinazunguka dunia miezi kadhaa, kina jina, kinajulikana, kisha kinafika Tanga kwa basi au kwa lori la Horohoro, pale mpakani na Kenya, kama kinavyofika kila kitu, na kwa kuwa juzi hatukukisikia tunasema kimezuka. Mfano mzuri ni ile H3N2 ya mwishoni mwa 2025, tawi waliloliita K. Nchi za kaskazini msimu wao wa mafua ulianza mapema, magazeti yao yakalipa majina ya kutisha, na picha zake zikafika hadi kwenye simu zetu. Ukiuliza kirusi chenyewe ni nini, ni H3N2 ile ile ya ukoo wa 1968, imeteleza zaidi ya kawaida ikapishana na ile iliyokuwa imechaguliwa kwenye chanjo. Na hadi Desemba 2025 Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema takwimu hazionyeshi kwamba ugonjwa umekuwa mkali zaidi. Kuenea kwa kasi ni jambo moja, ukali ni jambo jingine, na kwenye ile sauti ya Jumanne yote mawili yalikuwa yamefungwa kifurushi kimoja.

Ila sitaki mtu asome hapa aseme basi kumbe hamna kitu. Mafua ya kawaida ya msimu, haya yasiyo na jina la kutisha, Shirika la Afya Duniani linakadiria yanaua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka duniani. Kwa hiyo yule wa barazani anayesema "mafua tu", hilo "tu" linambeba bibi wa mtu.

Watu wakiogopa wanakumbuka, hata kama hawajui wanakumbuka nini. 1918 ndo kumbukumbu mama. Mafua yale yaliambukiza kama theluthi moja ya watu wote duniani na waliokufa wanakadiriwa milioni 50 hivi, na tofauti na mafua mengine yaliua sana watu wazima vijana wa miaka 20 hadi 40. Ile kauli ya "vijana wanaanguka" kwenye sauti imetoka mbali. Afrika Mashariki yalishuka bandarini na kupanda na reli, vita ilikuwa inaishia, askari na wapagazi waliochoka na njaa wanarudi makwao. Yakaitwa mafua ya Hispania, na Hispania wala sio yalikoanzia, wao hawakuwa vitani kwa hiyo magazeti yao hayakuzuiwa kuandika, nchi nyingine zilikuwa zinaficha. Aliyesema ukweli ndo akabandikwa ugonjwa. Nitarudi hapo maana kwenye mtaa wetu imetokea hivyo hivyo.

Kuna kisa cha mwaka huo huo ambacho nakipenda kwa sababu kinahusu watu wachache wa visiwani, kama sisi wa pwani tunavyojuana. Samoa iko katika bahari ya Pasifiki na ilikuwa imegawanywa, upande wa magharibi uko chini ya New Zealand, upande wa mashariki chini ya Marekani. Novemba 1918 meli ya Talune ikitokea Auckland ilitia nanga upande wa magharibi ikiwa na wagonjwa ndani, na abiria wakaruhusiwa kushuka. Ndani ya wiki chache takriban mtu 1 kati ya 5 alikuwa amekufa, nyumba zingine hakubaki wa kumzika mwenzie. Upande wa mashariki gavana John Poyer alifunga bandari mapema, na wenyeji wenyewe wakalinda fukwe, boti za jirani zisitie nanga. Hawakufa kwa yale mafua hata mmoja. Watu wale wale, damu moja, lugha moja. Mwaka 2002 waziri mkuu wa New Zealand, Helen Clark, alienda kuomba radhi.

Nikimsimulia mtu hiki kisa anasema si ndo hivyo, tufunge Tanga! Hapana, subiri. Kilichowaokoa wale ni kwamba walipata taarifa mapema, kirusi kilikuwa bado hakijaingia, na njia ilikuwa moja tu, bahari. Tanga ina barabara ya Segera, ina Horohoro, ina Pangani, ina bandari, ina majahazi ya Pemba. Na kirusi cha msimu hadi watu wanne wa nyumba moja wameugua ujue kimeshapita kwenye nyumba ishirini. Kufunga milango hatua hiyo unamfungia mgonjwa ndani na wazee wake.

2009 nayo ina la kutufundisha kuhusu majina. Aprili mwaka huo kirusi kiligunduliwa Mexico na Marekani, tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani likatangaza kimekuwa janga la dunia, na Tanzania nayo kikafika mwaka huo huo. Kikaitwa mafua ya nguruwe. Misri wakaamuru nguruwe wote nchini wachinjwe, kama 300,000 hivi, wakati ugonjwa ulishakuwa unaenda mtu kwa mtu na nguruwe wa Misri hawakuwa na kesi. Wafugaji wakafilisika, mafua yakaingia vile vile. Na kwetu hapa kuna mkanganyiko wa ziada, kwa sababu tuna "homa ya nguruwe" nyingine, inayoua nguruwe wenyewe na haimpati binadamu kabisa, kila ikizuka mkoa fulani watu wanachanganya na ile ya 2009. Ni virusi wa koo mbili tofauti, hawahusiani. Kwa sababu ya mambo kama haya, Mei 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba magonjwa mapya yasipewe majina ya nchi, watu wala wanyama.

Na namba pia zinachanganya. Vifo vya 2009 vilivyothibitishwa maabara vilikuwa kama 18,500. Baadae watafiti wakakadiria kwamba waliokufa kweli mwaka wa kwanza ni kati ya 151,700 na 575,400, na zaidi ya nusu ni Afrika na Asia ya kusini mashariki. Tofauti yote hiyo ni watu waliokufa bila kupimwa. Kwa hiyo mtu akikwambia hapa kwetu hamna kesi, swali la kwanza ni wamepimwa wangapi. Tanzania ina ufuatiliaji wa mafua kwenye vituo maalum tangu 2008, wanachukua sampuli kwa kijiti puani na kooni, lakini hivyo vituo ni vichache na sio kila zahanati.

Sasa turudi nyumba ya tatu.

Jumapili, kabla ya ile sauti, walipokea mgeni, mtoto wa dada yake baba mwenye nyumba, kijana wa miaka ishirini na kitu anayefanya kazi Mombasa. Kijana alikohoa. Jumatano mtaa ulishakubaliana, yeye ndo kaleta. Bodaboda wa kijiweni akakataa kumpakia. Muuza vitumbua akamwambia mama mwenye nyumba weka hela hapo chini, usinipe mkononi, na huyo mama ni mtu wanayejuana miaka kumi na tano, wamezikana. Aliniambia mwenyewe baadae, "Mwanangu, homa niliivumilia, lile la hela ndo lililonilaza."

Tupige mahesabu. Mafua yanachukua siku 1 hadi 4 tangu kirusi kikuingie mpaka uumwe, wengi siku ya pili. Na mtu anaanza kuambukiza siku moja kabla hajajisikia chochote, anaendelea siku tano hadi saba. Mtoto mdogo wa nyumba ile alianza kukohoa Ijumaa, siku mbili kabla binamu yake hajavuka mpaka, na madrasa yao watoto sita walikuwa hawaji tangu Alhamisi. Kijana wa Mombasa uwezekano mkubwa aliyakuta mafua hapa hapa! Au alikuja na yake ya kamasi tu. Yule anayeonekana wa kwanza mara nyingi ni wa kwanza kusikika, kama Hispania.

Lakini madhara yalishafanyika. Nyumba ikaanza kuficha. Ukiuliza hali wanakwambia malaria, wamemeza mseto wanaendelea vizuri. Na ndani kulikuwa na bibi, mama yake mwenye nyumba, ana miaka sabini na kitu, ana sukari na presha. Bibi aliugua Alhamisi, Jumamosi akapata nafuu hadi akala uji, Jumapili usiku homa ikarudi kwa nguvu na pumzi zikawa fupi fupi. Hawakumtoa. Walisubiri giza la alfajiri ya Jumanne wamtoe kwa bajaji watu wasione. Alifika hospitali nimonia imeshakaa. Kapona, alhamdulillah, ila aliwekewa oksijeni siku tatu, na daktari aliwaambia mngechelewa nusu siku tungekuwa tunaongea mengine.

Hapa nasema kwa msisitizo maana hii alama wengi hawaijui. Mafua yakipoa alafu homa ikarudi upya na kifua kikabana, hiyo haisubiriwi. Kirusi kinakwangua njia ya hewa, bakteria wanaokaa puani na kooni siku zote wanapata upenyo wanashuka mapafuni. Hata 1918 wengi waliokufa walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata nyuma ya mafua. Alama nyingine za kukimbiza mtu hospitali ni mtoto anayepumua mbio mbavu zinaingia ndani, mtu anayechanganyikiwa au hazinduki vizuri, midomo kubadilika rangi, kushindwa kunywa. Na wa kuangaliwa zaidi ni wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wazee, wenye pumu, sukari, moyo, selimundu, wanaoishi na VVU.

Na kama ni homa, hata kama una uhakika ni mafua, kapime malaria. Hapa ni Tanga. Kipimo cha kidole dakika ishirini umeshajua. Nimeona watu wakifa kwa kosa la pande zote mbili, waliosema malaria kumbe kifua, na waliosema mafua kumbe malaria.

Kuhusu duka la dawa. Wiki ile nilisimama foleni dukani, mbele yangu kaka mmoja anasema nipe ya mafua haya makali, dada akachukua azuma, akakata karatasi kwa mkasi, vidonge viwili, elfu moja. Aliyefuata akapewa amoksilini nusu karatasi. Hakuna aliyeuliza wala aliyeulizwa. Hizo ni antibayotiki, zinaua bakteria, kirusi hazikigusi hata kidogo. Alafu vidonge viwili havimalizi hata bakteria, vinawafundisha tu kuizoea dawa, na siku bibi kama yule anaihitaji kweli kwa nimonia inakuwa haifanyi kazi. Mafua kwa mtu mwenye afya ni kupumzika, kunywa vitu kwa wingi, na panadol kushusha homa. Mtoto asipewe aspirini wakati wa mafua, inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo.

Tangawizi, limau, asali mie nazitumia na sina ugomvi nazo, koo linalainika na mtu anakunywa maji zaidi. Asali mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi. Kujifukiza kunazibua pua kwa muda, kirusi kilichoko ndani ya seli hakisikii huo mvuke, na tafadhali mtoto asifunikwe blanketi na sufuria ya moto chini yake, kuungua kwake ni kubaya kuliko mafua.

Kitu kilichoniuma zaidi ni madirisha. Nyumba zetu za Ngamiani wengi mnazijua, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, dirisha moja dogo. Mgonjwa akilala kitu cha kwanza tunafunga dirisha, tunaziba na kanga, mgonjwa asipigwe na upepo. Ni mapenzi kabisa, mama zetu wametulea hivyo. Lakini mafua yanaelea kwenye hewa ile ile anayoitoa mgonjwa, na chumba kilichozibwa chenye watu watatu wanaomuuguza kinakuwa kama chungu kilichofunikwa. Chumba cha bibi kilikuwa na kanga mbili dirishani na wajukuu wawili wanalala chini ya kitanda chake. Fungua dirisha, weka neti ya mbu, anayeuguza awe mmoja na avae barakoa akiwa karibu, wengine wasalimie mlangoni. Na salamu zetu za kubusu mkono, kwa wiki moja mkono uwekwe kifuani, wazee wanaelewa wakielezwa kwa adabu.

Chanjo watu wameniuliza sana. Ya mafua ya msimu ipo duniani lakini kwenye ratiba yetu ya kawaida ya chanjo haimo, wanaoipata zaidi ni wasafiri na wenye uwezo wa kuilipia. Inachukua kama wiki mbili kuanza kukukinga. Ningependa siku moja wajawazito na wazee wetu waipate kliniki kama zinavyopatikana nyingine, na hili nadhani ni la kudai kwa sauti kuliko tunavyodai kufungwa kwa mipaka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ile sauti iliaminiwa haraka hivyo. Mie naona jibu liko 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, na ilipofika mwanzoni mwa Mei idadi ikasimama kwenye 509, baada ya hapo kimya hadi mwaka uliofuata. Kipindi kile tulikuwa tunazika, na taarifa hamna, kwa hiyo tulijifunza kuamini grupu. Mtu aliyejifunza hivyo akiwa na hofu ya kweli humvunji kwa kumcheka wala kwa kumtisha na sheria, unampa taarifa yenye tarehe, mahali na aliyeisema. Ile sauti haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Namba ya bure ya Wizara ya Afya ni 199, nilipiga mwenyewe, nikauliza, nikajibiwa vizuri, nikarekodi nilichoelezwa kwa sauti yangu nikakirusha grupu la mtaa pamoja na jina langu. Kuna watu waliisikiliza, kuna ambao hawakuisikiliza, ila mamdogo aliacha kunipigia.

Pale madrasa kulikuwa na ndoo ya maji ya bluu na kikombe kimoja cha plastiki kimefungwa kamba kwenye mpini kisipotee, watoto arobaini wanakinywea kwa zamu. Ustadhi alivyoelezwa hakubishana. Amewaambia kila mtoto aje na kikombe chake, na ameshinda Jumamosi nzima anabandika vipande vya plasta na kuandika majina kwa kalamu nene. Vimepangwa ukutani kwenye misumari. Cha mjukuu wa bibi ni cha kijani, na jana kijana wa Mombasa ndo aliyempeleka, kwa baiskeli, na bodaboda wa kijiweni alimsalimia.